Rejista Ndiyo Darasa

Mimi ni ofisa afya wa wilaya, na semina nimehudhuria za kila aina: fulana, posho, picha ya pamoja. Mafunzo yaliyonifaa kweli yalinirudisha kwenye rejista za MTUHA, yaani za taarifa za huduma za afya, zilizokuwa kabatini mwangu siku zote.

Ni ya epidemiolojia, ngazi ya mwanzo, chini ya mpango wa Tanzania ulioanza mwaka 2008 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kenya walitutangulia mwaka 2004. Mtindo wenyewe ulitoka Marekani, ambako mwaka 1951 Alexander Langmuir alianza kuwafunza madaktari vijana kwa kuwatuma kwenye milipuko. Kozi huchukua kama miezi mitatu. Darasani unakaa kidogo. Muda mwingi uko kituoni kwako, na mlezi anakufuata hukohuko.

Zoezi la kwanza lilikuwa kulinganisha rejista ya zahanati na ripoti za wiki. Rejista ilikuwa na wagonjwa wa kuhara damu, ripoti ikasema sifuri. Nilitaka kumwandikia muuguzi barua. Mlezi wangu, mama mkali kidogo, akanizuia: "Mwanangu, kwanza muulize anaijaza saa ngapi." Kumbe muuguzi yuko peke yake: anazalisha, anachanja, anagawa dawa, halafu usiku ndiyo anajaza fomu kwa kukumbuka.

Tukafundishwa pia kuandaa orodha ya wagonjwa: umri, kijiji, maji anayokunywa, siku dalili zilipoanza. Wengi huandika siku mgonjwa alipofika zahanati. Hapo mchoro wa mlipuko unapotoka, na chanzo unakitafuta kwenye wiki isiyo yake.

Mambo haya madogo ndiyo yaliyohitajika Kagera mwaka 2023. Mlipuko wa virusi vya Marburg ulitangazwa Machi 21, ukatangazwa kwisha Juni 2. Waliougua walikuwa 9; 6 walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Kila aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na kazi hiyo inataka mtu anayejua kupiga hodi, kuuliza na kuandika sawasawa.

Kipimo cha kimataifa ni mtaalamu mmoja wa epidemiolojia kwa kila watu 200,000. Sawa, lakini mtaalamu aliyehamishiwa mkoani kusaini barua simhesabu.

Wakurugenzi na waganga wakuu wa wilaya, nafasi ya mafunzo ikija, msimpe aliyekosa safari mwaka huu. Mpeni anayeshika rejista, na akirudi mwacheni nayo.