Kutoka Kiwanja cha Ndege Mpaka Mjini

Wasomaji wetu wa Mpanda na sehemu nyingine za Katavi wamezoea kuhesabu gharama ya safari ya ndege kwa tiketi peke yake. Tiketi hukatwa, mzee mgonjwa husindikizwa na mwanawe kwenda kutazamwa Muhimbili, na nyumba nzima humshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hatashinda wala kukesha barabarani. Ama ile fedha ya kumtoa kiwanjani Dar es Salaam mpaka mjini, ni nadra kuwekwa kando. Nayo humdai mgeni wakati amechoka, hajui njia, na wa kumwuliza bei hana ila yule yule anayetaka kumchukua.

Jambo hili twalitazama kwa upande wa ujira. Wanavyuoni wetu, katika mlango wa ijara, wametaka ujira ujulikane kabla ya kazi, pasije pakawa na ugomvi baadaye. Gari la abiria la mjini hulitimiza sharti hili bila ya mtu kushindana na mtu. Hata jina la daladala lilizaliwa na nauli: magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kuchukua abiria Dar es Salaam mwaka 1983, makonda waliita “dala, dala”, yaani shilingi 5. Leo nauli huwekwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mwezi wa Desemba 2023 ilipandisha nauli ya masafa yasiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Watu walinung’unika sana, lakini waliinung’unikia nauli waijuayo.

Kiwanja cha Julius Nyerere kiko kando ya Barabara ya Nyerere, kiasi cha kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Daladala hupita barabara kuu, basi abiria hana budi kutoka nje kwa miguu. Na atokaye jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, mwendo wake ni mrefu zaidi. Afikapo kituoni asitegemee maandishi ya gari peke yake. Gari lililoandikwa Gongo la Mboto na Kariakoo huwa na majina hayo hayo liendapo na lirudipo, na mgeni aweza kujikuta anaelekea Pugu huku akidhani anakwenda mjini. Amwulize konda, “Mnakwenda mjini?” kabla hajakanyaga ngazi. Nauli aishike mkononi, ikiwa imekwisha tengwa, asifungue mkoba wa fedha zote mbele ya watu.

Kijana mwenye mkoba mmoja, aendaye chuoni, daladala yamtosha. Mgonjwa asiyeweza kusimama ni jambo jingine, na twasema wazi kwamba si uungwana kumsukumiza katika msongamano wa jioni ili kuokoa fedha chache. Achukuliwe teksi, na bei ikubaliwe kabla mzigo haujatiwa garini.

Wenzetu wengine wamerahisishiwa. Unguja, mgeni huambiwa namba tu, 505, naye hufikishwa Darajani. Nairobi huambiwa 34. Namba yaweza kukaririwa na ajuza asiyejua kusoma, na ndiyo faida yake kubwa.

Tukirudi kwetu Mpanda, ndege za mapanga za Air Tanzania zenye viti 76 zimekuwa zikitua katika mji ambao usafiri wake mkubwa wa ndani ni bajaji na bodaboda. Kiwanja hakiko mbali na mji, na mwenyeji huijua bei ya njia ile. Mgeni haijui, naye hutajiwa kwa kadiri ya nguo alizovaa. Hatuwalaumu vijana wetu wa bajaji kwa jumla. Petroli wanainunua kwa fedha, na wengi wao ni waaminifu. Kilichokosekana ni bei iliyoandikwa mahali pa kusomeka.

Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012, ulihesabiwa watu 564,604 mwaka huo huo. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 1,152,958. Watu wamezidi maradufu kwa miaka kumi, na wageni nao wamezidi. Twaona haitakuwa taabu kubwa kwa Manispaa na wenye magari madogo ya abiria kupatana gari moja likae kiwanjani saa ya ndege, lipite stendi, soko na hospitali, na nauli yake iandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Siku za ndege zajulikana, basi gari halitasubiri bure. Na mpaka hapo litakapopatikana, ubao mmoja wa bei za bajaji ukisimamishwa penye mlango wa kutokea abiria, gharama yake ni mbao, rangi, na mapatano ya madereva wenyewe.

Wazee wa mitaa na viongozi wa madereva waweza kulianza hili katika kikao kimoja.