Kimya Baada ya Maombi

Matangazo mengi ya nafasi nchini Kenya, yawe ya kazi, ya masomo au ya ufadhili, hufungwa kwa onyo moja: watakaoteuliwa kwa mahojiano pekee ndio watakaojulishwa. Aliyeliandika mara ya kwanza huenda alitaka kuokoa gharama ya stempu. Stempu zimeondoka, barua pepe haina nauli, na onyo limebaki palepale. Kwa mwombaji, maana yake ni kwamba hatakataliwa kamwe. Ataachwa tu, na siku ya kukata tamaa atajichagulia mwenyewe.

Nina aina moja ya mwombaji akilini. Amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi, amerudi nyumbani Masalani, makao ya Ijara kusini mwa Kaunti ya Garissa, na anaomba kwa mara ya pili kusomea uzamili wa ushauri wa jenetiki. Mwaka uliopita hakuitwa kuhojiwa. Mwaka huu ametuma tena, na anangoja. Waombaji wa namna hii si wengi, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tuwaandikie makala. Ni kwa sababu yale ambayo kijana wa Ijara huyaonja kidogo kidogo katika kila dirisha la maombi, huyu anayakuta yote mahali pamoja: nafasi haba, ada kubwa, umbali, na jopo ambalo halitamwona uso mpaka litakapoamua kwamba linataka kumwona.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Mshauri wa jenetiki huketi na familia, akachora ukoo wa angalau vizazi vitatu, akaeleza ugonjwa unarithiwa vipi, uwezekano wake ni kiasi gani na vipimo gani vipo, kisha akawaachia wenyewe uamuzi. Jina la kazi hii lilitolewa mwaka 1947 na Sheldon Reed, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Minneapolis, jiji ambalo baadaye lilikuja kuwa makao ya Wasomali wengi kuliko jiji lolote la Marekani. Mafunzo ya kwanza ya uzamili yalifunguliwa mwaka 1969 katika chuo cha Sarah Lawrence, jimbo la New York.

Kuchora vizazi vitatu Masalani ni kazi nyepesi mno. Hapa mtoto hufundishwa kutaja mababu kumi na zaidi bila kuvuta pumzi. Ugumu utaanza pale mshauri atakapouliza upande wa mama wa babu, kwa sababu ukoo unaokaririwa hupita kwa wanaume, ilhali jeni hazikupewa habari hiyo. Atahitajika pia mtu wa kuzungumza kuhusu ndoa za binamu bila kutisha wala kubembeleza. Watoto wa ndugu wanapooana, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye kasoro au ugonjwa mzito wa kurithi hupanda kutoka asilimia 2 au 3 ya kawaida hadi kama maradufu. Maana yake hatari ipo. Maana yake pia ni kwamba wazazi zaidi ya 90 kati ya 100 watapata mtoto asiye na tatizo hilo. Mhubiri atachukua nusu moja ya habari hii na mshenga atachukua nusu ya pili. Mshauri hulipwa kuzisema zote mbili.

Na hili si somo la kigeni kwetu. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu, akakuta dalili ya jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, na chini ya asilimia 1 katika nyanda za juu na nchi kavu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mwenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria. Masalani ipo ukingoni mwa ramani ile. Upande mmoja ni malisho makavu ya ng'ombe, upande wa pili ni Mto Tana na wakulima wake, maembe yake na mbu wake. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari wamekuwa wakifuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu 2004. Kazi ipo. Mtu wa kuifanya ndiye anayengoja barua.

Barani mwetu, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia: Chuo Kikuu cha Witwatersrand na kile cha Cape Town hutoa uzamili huu, na mhitimu husajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo. Wengine hutazama Amerika Kaskazini, na huko utaratibu unafaa kuelezwa, kwa sababu nusu yake ni ya haki ya kupigiwa mfano na nusu yake ni kimya kitupu.

Nusu ya haki ni hii. Tangu 2018 programu za Marekani na Kanada huwapanga wanafunzi kwa kompyuta. Mwombaji huorodhesha vyuo kwa kadiri anavyovipenda, vyuo huorodhesha waombaji, na hesabu hutafuta mpangilio ambao hakuna mwanafunzi na chuo waliotamaniana wakaachwa mbalimbali. Hesabu ya namna hiyo iliwekwa wazi na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, na mwaka 2012 Shapley na Alvin Roth wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi iliyotokana nayo. Kabla ya hapo chuo kilipiga simu na kumpa mtu muda mfupi aamue, naye hajui kama chuo anachokipenda zaidi kitapiga kesho. Sasa wote hupata jibu siku moja, mwishoni mwa Aprili.

Lakini huwezi kuorodheshwa na chuo ambacho hakijakuhoji. Mlango wa kuingia kwenye hesabu ile nzuri ni mwaliko wa mahojiano, na mwaliko hauongozwi na hesabu yoyote. Kila programu huita kwa wakati wake, kuanzia Januari hadi Machi. Nyingine hutuma barua ya kukataa mapema. Nyingine hunyamaza mpaka msimu upite. Nyingi husema wazi kwamba haziwezi kumweleza mwombaji mmoja mmoja alipokosea, kwa kuwa waombaji ni wengi. Ni kweli ni wengi, wanazizidi nafasi kwa mbali, na wanaorudia kuomba si kioja hata kidogo. Ila kila mmoja wao alilipa ada, na sijaona programu iliyoshindwa kuihesabu ada kwa sababu ya wingi wa waliolipa.

Kwa anayerudia, kimya hiki kina ubaya wake wa pekee. Aliyeomba mara ya kwanza anangoja jibu. Anayerudia anangoja jibu la swali ambalo hakuambiwa. Je, ni alama za takwimu? Ni barua ya mhadhiri aliyemfundisha akiwa mmoja wa mamia? Ni kwamba hajawahi kumwona mshauri wa jenetiki akifanya kazi, jambo ambalo programu hulithamini sana, na ambalo Masalani halina pa kupatikana? Anabadilisha kila kitu, kikiwemo kile kilichokuwa kizuri.

Hapa ndipo Garissa ina historia inayofanya kimya kiwe kizito kuliko kilivyo kwingine. Watu wa kaskazini mashariki walihojiwa kuhusu uraia wao kabla ya kuhojiwa na chuo chochote. Mwishoni mwa 1989 serikali iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wajitokeze kuchunguzwa upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya, kitu ambacho jirani yao wa kabila jingine hakuhitaji. Kadi ikapitwa na wakati, desturi ikabaki. Kwa miaka mingi kijana aliyefikisha umri wa kitambulisho alipigwa msasa mbele ya machifu, wazee na maofisa wa usalama: baba yako nani, babu yako alizikwa wapi, nani hapa anakujua. Kisha alirudi nyumbani kungoja. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, hakuna mkopo wa masomo, hata laini ya simu unaitafuta kwa jina la mtu mwingine. Wapo pia Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab nyakati za ukame ili wapate mgao wa chakula. Alama za vidole zikawafichua miaka baadaye, wakakwama kati ya sajili mbili. Msasa huo wa ziada uliondolewa kwa tangazo alilotia saini Rais William Ruto akiwa Wajir, Februari 2025.

Silinganishi mambo haya mawili. Kunyimwa uraia ni dhuluma. Kutoitwa na chuo cha mbali ni bahati mbaya ya kawaida. Ninachosema ni kwamba aliyekulia chini ya msasa ana maelezo ya kimya tayari mfukoni. Asipoambiwa sababu, ataijaza mwenyewe: jina langu, kabila langu, kuna mtu wa mtu amepewa. Mara nyingi atakuwa amekosea. Atakosolewa kwa ushahidi gani, ikiwa aliyeamua hakusema neno? Na wadogo zake wanaomtazama hawajifunzi kwamba alama zake za takwimu zilikuwa chache. Wanajifunza kwamba kuomba ni bure.

Tazama jinsi jambo hili lilivyo tofauti katika nafasi za vyuo vya umma nchini. Huko nyuma, chini ya bodi ya pamoja ya vyuo vikuu, aliyefaulu mtihani wa KCSE alingoja karibu miaka miwili kabla ya kuingia darasani, foleni iliyotokana na kufungwa kwa Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mtu aliweza kuoa akiwa angali kwenye foleni. Leo KUCCPS, taasisi ya kuwapanga wanafunzi vyuoni iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huonyesha alama za chini zilizoingiza watu katika kila kozi mwaka uliotangulia. Kijana wa Masalani aliyekosa uuguzi anajua amekosa kwa pointi ngapi. Anaweza kukasirika, na ana sababu: baada ya basi lenye walimu kushambuliwa Mandera mnamo Novemba 2014, na tena baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka eneo hili, na kemia haijifundishi. Alama zake basi si kipimo safi cha akili yake. Lakini zinaonekana, na kinachoonekana hubishaniwa. Mbunge anaweza kusimama nazo bungeni. Kimya hakisimamishiwi hoja na mbunge yeyote.

Huku akingoja, kijana wetu ana shughuli. Tangu Septemba 2023 Kenya imewapa mikoba ya kazi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Ijara ina wake; huenda naye ni mmoja wao. Anayekaa chini ya mwarobaini na bibi asiyeamini chanjo ya polio, akamsikiliza kwanza, akaeleza, akaondoka bila kumlazimisha, amefanya sehemu kubwa ya kazi anayoiomba. Aiandike hivyo katika barua yake, kwa tarehe na kwa maneno yake, badala ya kusema ana shauku ya kusaidia watu. Shauku anayo kila mwombaji.

Na akiitwa? Mahojiano mengi siku hizi ni kwa video. Saa kumi jioni ya New York wakati wa baridi ni saa sita usiku Masalani. Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia msimu huohuo, kwa hiyo atahojiwa akiwa ameshafuturu, ameshaswali tarawehe, na watoto wamelala. Sidhani kama jopo lilikusudia wema huo. Mtandao ukikatika ni jambo jingine, na hilo aliombee radhi mapema kwa barua, na atafute ofisi yenye umeme wa jua.

Wanaomzunguka wanaweza kumpunguzia mzigo kwa kuacha kuuliza kila baada ya swala kama ameitwa. Lugha yetu inayo subira huvuta heri, na inayo ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimegundua methali ya kwanza hupendwa zaidi na wanaosubirisha.

Programu za Marekani hazitaisoma makala hii. Kamati za basari za wadi, bodi za ajira za kaunti na wafadhili wa hapa kwetu wanaweza kuisoma, nao wana kimya chao. Wakitangaza nafasi, waandike tarehe ambayo kila mwombaji atajibiwa, na waishike. Asiyeitwa apewe mstari mmoja wa sababu: alama, cheti kilichokosekana, au kwamba alitosha ila nafasi zilijaa. Na lile onyo la kwamba walioteuliwa pekee ndio watakaojulishwa liondolewe katika tangazo lijalo, kuanzia na matangazo ya Kaunti ya Garissa.