Kwa Nini Betri Hufa Chombo Kikiwa Kimepumzika

Pikipiki ya majini ni chombo kidogo ambacho mwendeshaji wake hukikalia kama akaliavyo pikipiki ya barabarani. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilianza kuuza aina yake iitwayo Sea-Doo mwaka 1968, na nyingi zilizoundwa katika miaka ya 1980 na 1990 zingali zikitumika. Injini za vyombo hivi kwa kawaida huwashwa kwa umeme peke yake. Betri ikifa ufukoni, huo ni usumbufu tu; ikifa mbali na pwani, mwendeshaji huchukuliwa na mkondo wa maji.

Ajabu ni kwamba betri nyingi haziuawi na kazi. Huuawa na mapumziko.

Betri hiyo ni ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna mabamba ya risasi na mabamba ya oksaidi ya risasi, yaliyozama katika asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba ya aina zote mbili hugeuka kidogo kidogo kuwa salfeti ya risasi, na asidi huzidi kuwa majimaji. Inapochajiwa, mambo hurudi nyuma. Lakini salfeti mpya ni chembechembe laini. Ikiachwa majuma mengi hukua ikawa fuwele kubwa na ngumu, ambazo umeme wa kuchaji hauziyeyushi kwa urahisi. Sehemu ya bamba iliyofunikwa hivyo haifanyi kazi tena.

Betri iliyowekwa tu huishiwaje? Kwanza, hujimaliza yenyewe kwa mmenyuko wa ndani, na joto huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo banda la bati katika pwani ya Afrika Mashariki si mahali pazuri pa kuihifadhi. Pili, saa na vipimo vya chombo huendelea kunywa umeme, na chumvi iliyoganda juu ya betri huweza kuupitisha. Chukua betri ya ampea-saa 20 na uvujaji wa ampea 0.01. Kwa siku moja hupotea ampea-saa 0.24, kwa siku 42 hupotea takriban 10, yaani nusu ya akiba yote. Mwanafunzi aweza kurudia hesabu hii kwa betri ya pikipiki ya jirani.

Mtambo wa kuchaji wa vyombo vya zamani nao ni dhaifu. Anayewasha mara kumi na kwenda dakika chache kila mara huenda akarudi na betri pungufu kuliko alivyotoka.

Kinga ni kuitoa betri chomboni kabla ya mapumziko marefu, ukianza na waya wa ncha hasi. Kuchaji ndani ya chombo ni hatari kubwa: betri hutoa haidrojeni, na chini ya kiti mna mvuke wa petroli, cheche moja yatosha kulipua. Ichajiwe penye hewa, kwa mkondo wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, yaani ampea 2 kwa betri ya mfano wetu. Kama ni ya vifuniko, maji yakipungua huongezwa maji safi ya betri, kamwe si asidi.

Baada ya kupumzika saa kadhaa, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka hadi 12.4, ichajiwe bila kungoja. Kanada na kaskazini mwa Marekani kuna sababu nyingine ya haraka: asidi iliyogeuka majimaji huganda wakati wa baridi na kupasua kasha, hali betri iliyojaa hustahimili baridi hiyo.

Kipimo hicho lakini chaweza kudanganya. Betri inayoonyesha volti 12.6, kisha ikaanguka chini ya 9 mara kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa, mabamba yake yamekwisha. Hiyo ipelekwe kwa wanaoyeyusha risasi kwa njia salama, isitupwe ufukoni.