Usimwachie fundi bisibisi: jinsi ya kufungua na kurudisha plastiki za dashibodi

Leo naomba tuongee kitu kidogo ambacho nusura kimtoe mtu roho.

Mjomba wangu ana Corolla 110, anaendeshea teksi hapa Dar. Kama mnavyojua, gari nyingi za Japani zinakuja na redio inayoishia 90 MHz, maana FM ya kwao ilianzia 76 mpaka 90. Sisi stesheni zetu zinakwenda mpaka 108. Kwa hiyo mjomba akaamua kubadilisha redio. Akampata fundi wa mtaani, kazi ikaisha nusu saa, mziki mnene.

Jioni hiyohiyo akawa anakata kulia, akawasha indiketa kama kawaida. Bodaboda aliyekuwa anamuovateki akapita mlemle! Aliponea chupuchupu, kioo cha pembeni kikaondoka. Jamaa akashuka kwa hasira: "Mzee, mbona huoneshi unakata?" Kuangalia, indiketa haziwaki hata moja. Redio ilikuwa juu, mjomba hakugundua kwamba ule mlio wa tik tik haupo.

Tatizo lilikuwa nini? Soketi ya swichi ya hazadi. Toyota nyingi za zamani, umeme wa indiketa unapitia kwanza kwenye swichi ya hazadi. Fundi aliichomoa ili plastiki itoke, akasahau kuirudisha. Halafu klipu alizovunja kwa bisibisi akazibandika na gundi!

Mimi sio fundi wa cheti, nimeishia form four tu, ila gari ile tuliifungua upya mimi na mjomba. Utaratibu tulioufuata ndio huu:

1. Anza na betri. Zima gari, toa funguo, chomoa waya wa hasi (wenye alama ya kutoa) kwa spana namba 10. Kama usukani umeandikwa SRS ujue kuna mfuko wa hewa ndani. Subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu, maana umeme wa kuufyatua hubaki umehifadhiwa kwa muda. Waya na soketi za rangi ya njano usizichezee kabisa.

2. Tafuta skrubu zilizojificha. Toa kisahani cha majivu, angalia nyuma yake, angalia na chini ya vifuniko vidogo. Plastiki ikigoma usilazimishe, mara nyingi kuna skrubu hujaiona.

3. Usitumie bisibisi tupu. Tafuta kitu cha plastiki, hata kadi ya benki iliyokwisha muda. Kama huna, zungushia bisibisi kitambaa. Inua kwenye kona, klipu moja moja. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi inakatika kama biskuti, na ikiwa baridi ndio mbaya zaidi. Walioko Mbeya na Iringa, msifanye asubuhi, acheni gari ipate jua kidogo.

4. Ikiachia, usivute! Chungulia nyuma. Kuna soketi za hazadi, saa, pengine na za AC. Piga picha na simu kwanza. Kila soketi ina ulimi, bonyeza ulimi ndio uchomoe. Usivute waya.

5. Redio yenyewe kwa kawaida imeshikwa na bolti nne za namba 10. Ziweke kwenye kifuniko cha chupa, ikidondokea ndani ya dashibodi utaitafuta mpaka kesho.

Kurudisha ndiko watu wanakochemsha. Angalia kama kuna klipu za chuma zimebaki kwenye matundu ya dashibodi, zitoe kwa koleo uzirudishe kwenye plastiki yake. Zilizovunjika nunua nyingine, Gerezani zinapatikana. Gundi hapana, siku ukitaka kufungua tena itabidi uvunje.

Rudisha soketi ZOTE, linganisha na ile picha. Ndipo urudishe betri, na KABLA hujabana plastiki jaribu: indiketa kushoto, kulia, hazadi, feni, taa za swichi. Taa ya SRS ikiwaka na kugoma kuzima, usipuuzie, mpelekee fundi wa umeme anayejua. Vyote vikiwa sawa, bana kwa kiganja pale penye klipu mpaka usikie "tak".

Na ukimpa fundi, simama hapohapo. Kabla hujatoa hela, zima redio, washa indiketa, sikiliza.

Mjomba siku hizi kila asubuhi anawasha hazadi kwanza, ndio anawasha redio. Kioo cha pembeni alinunua kingine, lakini yule kijana wa bodaboda angenunuliwa wapi?

Wadau mliowahi kupatwa na haya, tupeni uzoefu hapo chini. Mafundi pia, kama nimekosea mahali nisahihisheni bila matusi. Nawasilisha.