Goma na Bukavu: Kompyuta ya nyumbani ikipotea, picha na kazi zako zitabaki wapi?

Tarehe 27 mwezi wa tano mwaka 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, viongozi waliagiza wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma wahame mara moja. Watu walitoka na watoto, magodoro na sufuria, na kompyuta nyingi zikabaki mezani. Mwaka 2025 vita vikaingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kisha Bukavu katika mwezi wa pili, na katika miji yote miwili kukawa uporaji. Ongeza hapo nyumba za mbao zinazoungua Bukavu karibu kila mwaka, na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu inayochoma mashini.

Mashini yenyewe inaweza kununuliwa tena. Memwari ya mwanafunzi aliyebakiza sura moja, picha za arusi, hesabu za duka, karatasi za kiwanja zilizopigwa skani: hivyo havipatikani sokoni.

Kuna kosa moja linaloonekana kila mahali. Kompyuta ikijaa, mtu anahamishia picha zote kwenye diski ya nje, anazifuta kwenye kompyuta, halafu anasema ameziweka salama. Bado ana nakala moja tu, imebadilisha nyumba. Peter Krogh, mpiga picha Mmarekani, ndiye aliyeeneza hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa mji ulio chini ya volkano, hiyo ya nje ingefaa iwe nje ya mji kabisa.

Tuanze na vyombo. Flashi ni ya kubebea kazi kwenda sekretariati kuichapisha. Si ya kuchungia kitu miaka. Inapotea mfukoni, na inarudi na virusi. Wengi wameshaona mafolda yao yakigeuka kuwa vialama vya njia ya mkato. Mara nyingi faili bado zimo, zimefichwa tu, kwa hiyo usikimbilie kuformati.

Diski ngumu ya nje ndiyo inayobeba zaidi kwa pesa kidogo. Picha ya simu ikiwa na megabaiti 4, terabaiti moja inaingiza karibu picha 250,000. Lakini ndani yake mna sahani inayozunguka: ikianguka wakati inafanya kazi, mara nyingi ndiyo mwisho wake. SSD haina kitu kinachozunguka, inavumilia pikipiki na barabara zetu, ila ni ghali zaidi, na haifai kusahaulika kabatini miaka bila kuchomekwa, kwani inaweza kupoteza inachochunga. Kwa familia ya kawaida, ningenunua diski ngumu ya kukaa nyumbani kwanza, na SSD ndogo ya kukimbia nayo pesa ikipatikana.

Jihadhari na flashi au SSD zinazouzwa kwa bei ya ajabu. Nyingine zimedanganywa ndani: Windows inakuonyesha terabaiti moja au mbili, kumbe mna gigabaiti chache, na kinachozidi hapo kinapotea bila kelele. Programu ya bure H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, inajaza chombo chote kisha inakisoma tena kuhakikisha. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo patana na muuzaji mapema kwamba utamrudishia kikishindwa.

Kompyuta ya mezani isiyo na onduleri isifanyiwe nakala saa ambazo umeme unacheza. Ukikatika diski ikiwa inaandika, faili zinaharibika. Laptopu yenye batri nzima ina nafuu hapo.

Kuhusu programu, huna haja ya kununua. Tangu Windows 8, kuna kinachoitwa Historique des fichiers katika Windows ya Kifaransa. Kwenye Windows 11 kimefichwa ndani ya Panneau de configuration. Ukichomeka diski na kukiwasha, kinanakili nyaraka na picha kila saa na kuchunga matoleo ya zamani, hivyo ukiharibu sura ya memwari leo unaweza kurudia ya juzi. Wenye Mac wana Time Machine tangu 2007, na wenye Ubuntu wana Déjà Dup. FreeFileSync nayo ni nzuri na ya bure, lakini soma vizuri kabla ya kuchagua "miroir": ulichofuta kwenye kompyuta kitafutwa na kwenye diski.

Hatari hiyohiyo iko kwenye mtandao. Google Drive inatoa gigabaiti 15 bure, OneDrive 5, lakini faili ukiifuta huku inafutika na kule, na Google inaiacha kwenye pipa siku 30 tu. Tena, kupandisha gigabaiti 15 kwa mwendo wa megabiti moja kwa sekunde ni zaidi ya saa 33 mfululizo, na megabaiti zinalipwa. Mtandao uwekee vilivyo vidogo na vya lazima: diplomu, memwari, karatasi za kiwanja. Picha na video zibaki kwenye diski.

Nakala ya pili ya diski inaweza kupanda boti kwenda kwa ndugu aliye mji mwingine. Kabla haijaondoka, ifunge kwa neno la siri. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukisahau neno hilo hakuna fundi atakayekufungulia, kwa hiyo liandike kwenye karatasi, na karatasi isisafiri na diski.

Inayobaki nyumbani ichomolewe kazi ikiisha. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya mwezi wa tano mwaka 2017, vinafunga faili za kompyuta, na diski iliyochomekwa inafungwa pamoja nayo. Na mara moja kwa miezi michache, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, chagua faili tatu bila mpango, uzifungue mpaka ukurasa wa mwisho.