Simamisha filamu, muulize mzee

Wasikilizaji wetu wengi mnaikumbuka sauti ya Lufufu kwenye filamu za kutafsiriwa. Hakutafsiri maneno tu, alieleza hata yasiyoonekana kwenye picha. Lakini sauti iliyorekodiwa huwezi kuiuliza swali. Nyumbani, kwa simu, unaweza.

Tuchukue filamu ya Serengeti ya mwaka 1959, ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyopata tuzo ya Oscar. Utaona ndege yao yenye mistari ya punda milia ikihesabu wanyama. Hapo simamisha. Ndege hiyo ilianguka Januari 1959, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo Wamasai waliokuwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti walilazimika kutoka, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la wanyama pamoja na wafugaji.

Hapa Piyaya, jirani kabisa na Serengeti, maelezo ya kuhama huko usiyatafute kwenye intaneti peke yake. Muulize koko, maana huenda wazazi wake walihama na ng'ombe wao. Mrekodi kwa simu ya pili, andika dakika ya filamu mliposimama, kisha mtumie ndugu faili hilo pamoja na filamu. Naye akifika dakika hiyo asimamishe, asikilize. Kama mtandao unasumbua, pitisheni kwa memori kadi. Na koko akisema filamu imekosea, mwacheni amalize kwanza.