Mirihi ina miezi miwili: mweleze mwanao kwa mbatata na mchezo wa uani

Mtoto wa Pwani huujua mwezi kabla ya kujua kusoma. Huwaona wakubwa wakiutafuta Ramadhani ikikaribia, na huwasikia wavuvi wakitaja bamvua na maji mafu. Basi hukua akidhani kuwa mwezi ni huo mmoja tu. Siku akiuliza kama kuna mwingine, asinyamazishwe. Jibu lipo, na mzazi anaweza kulitoa nyumbani bila ya darubini.

Mwambie kwamba Mirihi, ile sayari nyekundu, ina miezi miwili midogo: Phobos na Deimos. Aliyeigundua ni Mmarekani Asaph Hall, mjini Washington, Agosti 1877. Alikaribia kukata tamaa, lakini mkewe, Angeline Stickney, akamhimiza aendelee kutafuta. Leo shimo kubwa kuliko yote juu ya Phobos linaitwa Stickney.

Mtoto mdogo hashiki tarakimu. Hushika njia anayoijua. Phobos, kwa upande wake mrefu, una kilomita 27 hivi, karibu na mwendo wa Likoni hadi Ukunda. Deimos una takriban kilomita 12: ukitoka Mombasa mjini, unakwisha kabla hujafika Mtwapa. Mwezi wetu una upana wa kilomita 3,474.

Kisha mpe mbatata mbili, moja kubwa kuliko nyenzake, azishike. Umbo la miezi hiyo ni kama hilo, limepinda na kubonyea. Kitu kikubwa sana hujivuta chenyewe kutoka kila upande mpaka kikawa mviringo. Miezi hii ni midogo, haina nguvu hiyo.

Sasa nendeni uani. Mtoto mmoja awe Mirihi, asimame katikati akijizungusha polepole kuelekea kushoto. Mwenziwe awe Phobos, amzunguke mbio upande huohuo, mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa Mirihi. Ndivyo ilivyo huko juu: siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 37, na Phobos humaliza mzunguko wake kwa saa 7 na dakika 39 tu.

Aliye katikati ataona mti na ukuta vikimjia kutoka kushoto na kupotelea kulia. Lakini mwenziwe atamjia kutoka kulia. Ndiyo maana mtu angekuwa Mirihi angeliona jua likichomoza mashariki, na Phobos ukichomoza magharibi.

Hapo mtoto ameshika jambo kubwa: mwezi hauitwi mwezi kwa ukubwa wala kwa mwanga wake, bali kwa kuizunguka sayari. Tena amelijifunza kwa lugha yake. Mirihi, Zuhura na Zohali ni majina yetu. Yasipotajwa nyumbani, yatabaki kwenye kamusi tu.